Nani Amewasha Jua?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikwama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa pamoja. Picha hazifunguki, ujumbe unazunguka tu bila kufika. Siku mbili kabla yake, usiku wa Ijumaa, Dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya Jua iliyokuwa kali kuliko zote za miaka ishirini iliyopita, na watu wa Ulaya na Marekani walitoka nje kupiga picha mbingu zilizogeuka nyekundu na kijani. Pale kwetu Tanga, kwenye baraza ya fundi wetu wa mota, mambo hayo mawili yalifungwa kamba moja kabla chai haijapoa.

Wazungumzaji walikuwa watatu. Wa kwanza ni Fundi mwenyewe, aliyetumia karibu miaka arobaini kusuka upya koili za mota. Siku hiyo alikuwa amefungua pampu ya kisima iliyoungua, shaba imekuwa nyeusi, na harufu ya vanishi iliyochomeka imejaa baraza nzima. Wa pili ni binti wa dada yake, mwalimu wa fizikia sekondari, aliyekuja kumwamkia mjomba. Wa tatu tunamwita Mzee wa Redio, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye mitambo ya mawasiliano ya meli. Mimi nilikuwa msikilizaji. Nimeandika walichosema kwa sababu swali lao ni kubwa, na nimechoka kuona watu wenye maswali makubwa wakijibiwa kwa kicheko.

FUNDI: Wanatuambia waya umekatika baharini. Kila siku waya! Ijumaa mbingu zinawaka kule, Jumapili intaneti inakufa huku. Hivi kweli hayo yamekutana njiani tu?

MWALIMU: Mjomba, dhana yako si ya kutupwa. Nyaya zilizokufa ni EASSy na Seacom. Habari zinapita humo kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na mwanga haujali dhoruba. Lakini ndani ya waya huohuo mna shaba inayopeleka umeme wa maelfu ya volti kwenye vikuza mwanga vilivyolala chini ya bahari. Dhoruba ingetaka kuingia, ingepitia hapo.

FUNDI: Basi umeshakubali.

MWALIMU: Nimekubali kwamba mlango upo. Kama mwizi alipita hapo ni habari nyingine. Dhoruba ilipamba moto Ijumaa usiku na Jumamosi. Nyaya zimekufa Jumapili, mbili tu, upande wa Afrika Kusini, sehemu zinapopita jirani. Nyaya nyingine za bahari hiihii zimeendelea kufanya kazi. Dhoruba inayotikisa sumaku ya Dunia nzima itachaguaje mbili na kuziacha jirani zake?

Fundi hakujibu, akakuna masizi kwenye koili kwa bisibisi. Nyaya hizo zilirudi baada ya meli ya ukarabati kwenda kuziunganisha. Lakini siku ile hatukuwa na habari hiyo, na mzungumzaji aliyefuata aliyapeleka maneno kwingine kabisa.

MZEE WA REDIO: Ninyi mnabishania waya. Mimi Jua nimelisikia kwa masikio yangu. Mchana, saa saba hivi, unaongea na meli iliyo mbali kwa mawimbi mafupi, sauti safi kama uko naye chumbani. Ghafla, kimya. Hakuna mikwaruzo wala ngurumo, kimya tu kama mtu kafunga mlango. Vijana wanakimbilia antena, wengine wanatafuta fyuzi. Mimi nawaambia kaeni, mnywe maji. Nusu saa, au saa nzima, sauti inarudi yenyewe. Na jambo hilo halikunitokea usiku hata mara moja.

MWALIMU: Halitokei usiku, babu, kwa sababu ni mlipuko wa Jua unaopiga upande wa mchana peke yake. Eksirei zake zinafika kwa dakika nane, sawa na mwanga. Zinajaza elektroni kwenye tabaka la chini la anga la juu, na mawimbi mafupi yakifika hapo yanamezwa. Hiyo ni salamu ya kwanza. Wingu lenyewe la plazma linafuata baada ya siku moja hadi tatu, nalo ndilo linaloitikisa sumaku ya Dunia.

MZEE WA REDIO: Lile la 1859 lilitumia saa kumi na saba.

MWALIMU: Ndiyo. Tarehe 1 Septemba 1859, Richard Carrington, Mwingereza, alikuwa Redhill akichora madoa ya Jua, kama alivyozoea. Akaona mianga miwili mikali inafumuka juu ya kundi la madoa. Kesho yake mbingu za Cuba ziliwaka nyekundu. Kule Marekani, kati ya Boston na Portland, wapiga telegrafu wakachomoa betri zao na kupeleka habari kwa umeme uliokuwa ukitoka angani. Kifaa cha kupimia sumaku cha Colaba, Bombay, kikaonyesha anguko kubwa ajabu. Zanzibar hakukuwa na waya wa kuonja lolote, telegrafu ilifika huko mwaka 1879.

FUNDI: Haya, sasa nisikilizeni mimi. Umeme umetoka angani, umeingia kwenye waya, betri zimechomolewa na mashine zinafanya kazi. Mmesema wenyewe! Kwa nini basi mkiulizwa Jua linawashwa na nini, mnarudi kwenye moto?

Hapo alifuta mikono, akasogeza kigoda. Nilijua kwamba tulichokuwa tukizungumza tangu asubuhi kilikuwa utangulizi tu.

FUNDI: Kulikuwa na mtu wa Norway, Kristian Birkeland. Mwaka 1899 alipanda milima ya barafu kule kaskazini kuangalia mianga ya usiku. Akatengeneza dunia ndogo ya chuma, akatia sumaku ndani, akaiweka kwenye sanduku la kioo lisilo na hewa, akaipiga kwa elektroni. Ikafanya pete za mwanga kwenye ncha zake, vilevile kama Dunia yetu! Akasema, umeme unashuka kutoka juu ukifuata njia za sumaku. Sydney Chapman, aliyekuwa mkubwa wa elimu hiyo Uingereza, akalikataa wazo hilo. Birkeland akafa Tokyo mwaka 1917. Ikapita zaidi ya miaka hamsini ndipo setelaiti zikaukuta umeme uleule, palepale aliposema.

MWALIMU: Yote hayo ni kweli, Mjomba. Leo mikondo hiyo inaitwa kwa jina lake.

FUNDI: Kama walikosea juu ya Birkeland, kwa nini niwaamini juu ya Jua? Miaka ya 1970 mhandisi wa Marekani, Ralph Juergens, alisema Jua ni taa. Umeme wa galaksi unaingia kutoka nje na kuliwasha. Wallace Thornhill wa Australia akaieneza habari hiyo kwa miaka mingi. Na hoja zao ni za macho, mtu yeyote anaziona. Ya kwanza: ukisogea mbali na jiko, joto linapungua. Uso wa Jua ni nyuzi 5,500, lakini taji lake, lililo mbali zaidi, linapita nyuzi milioni moja. Moto gani huo? Ya pili: ukichungulia tundu la jiko la mkaa, ndani ni kukali kuliko nje. Madoa ya Jua ni matundu, na ndani yake ni kweusi, kumepoa. Ya tatu: walishuka mgodini Marekani, wakajaza tangi lita 380,000 za dawa ya kusafishia nguo, wakasaka chembe zinazotoka kwenye huo moto wao wa ndani. Wakapata theluthi moja. Theluthi mbili zimekwenda wapi?

Niseme wazi: haya si maswali ya mjinga. La tatu liliwanyima usingizi wanafizikia wa dunia kwa miaka thelathini. Na ninawajua watu wenye digrii ambao wangemjibu Fundi kwa neno moja, "upuuzi", wakaondoka. Mpwa wake alivua viatu, akapanda barazani, akakaa.

MWALIMU: Nianze na la tatu. Mgodi ule ni Homestake, na mtafiti ni Raymond Davis. Chembe zile ni nyutrino, zinazaliwa pale viini vya haidrojeni vinapoungana katikati ya Jua. Davis alipata theluthi. Lakini Mjomba, theluthi si sifuri. Taa inayowashwa kutoka nje ingetoa ngapi?

FUNDI: (kimya kidogo) Taa haina sababu ya kuzitoa.

MWALIMU: Basi theluthi ile peke yake ilikuwa imeshasema kuna kitu ndani. Halafu mwaka 2001 na 2002 zikaja hesabu za Sudbury, Canada, kwenye tangi la maji mazito tani 1,000, kilomita mbili chini ya ardhi. Nyutrino zina aina tatu, na tangi la Davis lilikuwa linaona aina moja tu. Nyingine zilikuwa zimebadilika njiani. Sudbury walipohesabu aina zote, jumla ikalingana na ile iliyotabiriwa. Nipe kidole gumba chako.

Fundi akakinyoosha. Ukucha una mstari mweusi wa vanishi ambao sidhani kama utatoka tena maisha yake.

MWALIMU: Kila sekunde, kwenye kila sentimita moja ya mraba, zinapita nyutrino za Jua karibu bilioni 65. Sasa hivi, kwenye ukucha huu.

FUNDI: Na usiku?

MWALIMU: Usiku zinatoka chini ya miguu yako, zimeshaipenya Dunia nzima. Wajapani, kwa tangi lao la Super-Kamiokande, wamechora sura ya Jua kwa nyutrino peke yake, usiku na mchana.

Nilimwona Fundi akikitazama kile kidole kwa muda. Nami nilitazama changu.

MWALIMU: Madoa ni mepesi kueleza. Joto linapanda kwenye uso wa Jua kama uji unavyochemka, la chini linakuja juu. Mwaka 1908 George Hale aliona kwa darubini ya Mount Wilson kwamba madoa yamejaa sumaku kali mno. Sumaku hiyo inazuia mchemko, joto halipandi vizuri, pale panapoa. Doa si tundu la kuchungulia jikoni, ni sehemu ya sufuria ambayo uji haujachemka.

FUNDI: Na taji?

MWALIMU: Taji ni deni, Mjomba. Sikufichi. Tunajua sumaku ndiyo inayobeba joto hadi kule juu. Ni kiasi gani kinabebwa na mawimbi, na kiasi gani kinatokana na milipuko midogo midogo, wanabishana hadi leo. Lakini mawimbi yenyewe yanaitwa ya Alfvén, kwa jina la Hannes Alfvén wa Sweden, yuleyule ambaye watu wa Jua la umeme wanamtaja sana, na alipata Nobel mwaka 1970. Wenye elimu hawakumtupa. Wanatumia hesabu zake kila siku.

FUNDI: Kwa hiyo unakiri kuna msichokijua.

MWALIMU: Nakiri. Mota ikiungua na bado sijapata sababu, je, nikubali la kwanza atakalosema jirani?

MZEE WA REDIO: Hebu ngojeni. Fundi, mimi nina swali la kazi yako. Mtu amekuletea mashine, shafti inazunguka, koili ina umeme. Utajuaje kama ni mota au jenereta?

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana huu ndio moyo wa jambo lote. Fundi alicheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua kuliko wote waliokaa pale.

FUNDI: Kwa kuitazama? Huwezi. Ni mashine ileile. Ukiipa umeme inazunguka, ukiizungusha inakupa umeme. Ndani zote zina shaba, zina sumaku, zote zinapata moto. Lazima upime nguvu inakwenda upande gani. Inaingia, ni mota. Inatoka, ni jenereta. Mwenye kukujibu bila kupima anakudanganya.

MWALIMU: Basi tupime Jua. Hapa Dunia ilipo, kila mita moja ya mraba iliyolielekea Jua inapokea wati 1,361. Hiyo ni kama pasi ya umeme. Na Jua linaitoa nguvu hiyo pande zote. Kama inaingia kutoka nje kwa umeme, basi njiani kuelekea Juani lazima ipite hapa tulipo. Kuna setelaiti zimewekwa kilomita milioni 1.5 mbele ya Dunia, upande wa Jua. SOHO iko huko tangu 1996. Hizo ndizo mita zetu, kama ile yako ya kubana waya.

FUNDI: Zinasoma nini?

MWALIMU: Upepo unaotoka Juani, kilomita 400 kwa sekunde, chembe hasi na chanya zikienda pamoja. Kinachoingia kutoka kwenye galaksi ni miale ya kosmiki, na nguvu yake yote ukiijumlisha ni kama mwanga wa nyota za usiku. Pasi inatoka, mwanga wa nyota unaingia.

FUNDI: Kwa hiyo huko hakuna umeme kabisa?

MWALIMU: Umeme upo tele! Upepo ule una mkondo unaokadiriwa ampea bilioni tatu. Wewe, Birkeland na Alfvén mmesema kweli hapo. Ila umeme huo ni mazao ya Jua.

FUNDI: Unataka kusema Jua ni jenereta.

MWALIMU: Umesema wewe, Mjomba.

Hakukubali siku hiyo. Alisema ataamini zaidi siku mita itakapopelekwa karibu na mashine yenyewe, kwa sababu kupima kwa mbali kunaweza kukudanganya, na akatoa mfano wa fundi aliyepima kwenye nguzo badala ya nyumbani. Mzee wa Redio akaongeza neno ambalo nimelishika: Birkeland hakushinda kwa sababu alikataliwa, alishinda kwa sababu setelaiti zilipima na kumkuta yuko sawa. Eugene Parker naye, aliyetangaza upepo wa Jua mwaka 1958, makala yake ilikataliwa na wakaguzi wawili, na ikachapishwa tu kwa sababu mhariri, Chandrasekhar, aliamua hivyo. Miaka minne baadaye chombo cha Mariner 2 kikaukuta upepo. Waliokataliwa ni wengi, na wengi wao hakuna mita iliyowahi kuwatetea.

Kuna watakaosema huu ni ubishi wa barazani, Jua litachomoza tu. Sikubaliani nao. Anayeamini Jua ni taa iliyochomekwa kwenye galaksi atatafuta hatari mahali isipo. Hatari halisi inajulikana na njia yake inajulikana. Usiku wa manane tarehe 13 Machi 1989, sumaku ya Dunia ilipotikisika, mkondo uliingia kwenye laini ndefu za Quebec, kwa sababu mwamba wa kule haupitishi umeme vizuri na waya ndio ukawa njia rahisi. Ndani ya sekunde kama 90 gridi nzima ikaanguka, watu milioni sita wakakaa gizani karibu saa tisa. Unaweza kusema hayo ni ya nchi za baridi. Baada ya dhoruba za Oktoba 2003, transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini ziliharibika katika miezi iliyofuata, na wataalamu wa huko walizihusisha na dhoruba hizo.

Sisi wa ukanda wa ikweta tuna mambo yetu. Juu ya Ethiopia, karibu kilomita 100 kutoka ardhini, kila mchana unapita mto wa umeme unaoifuata ikweta ya sumaku. Jua likichafuka, mto huo nao unachafuka. Baada ya magharibi, anga la juu la ukanda huu hutoboka mapovu yanayoyumbisha GPS, na mpima ardhi anayepima viwanja jioni anaweza kupata kosa asilojua limetoka wapi. Wakati huohuo laini zetu zinarefuka. Ile ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, ina zaidi ya kilomita 1,000. Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vinamfundisha kila kijana wa gridi mkondo wa dhoruba unaingiaje kwenye transfoma, kama anavyofundishwa radi. Na ningependa anayefundisha awe na subira ya yule binti aliyevua viatu.

Fundi alimaliza ile pampu Jumanne. Mara ya mwisho nilipopita kwake, mwanzoni mwa 2025, aliniuliza kama ile mita imeshafika karibu na mashine. Nikamwambia imefika. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo cha Parker, kilichopewa jina la yule mzee wa upepo, kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa Jua, karibu kuliko chombo chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu. Kimekuwa kikilizunguka Jua tangu 2018, kinalikaribia na kupima. Akauliza kimesoma nini. Nikamwambia: upepo unatoka.